Wanaokunywa Uluguru

Sisi wa Morogoro mjini tukitaka kujua kama mvua itanyesha hatutazami mawingu ya utosini. Tunatazama Bondwa. Mama aliyeanika mahindi, fundi anayetaka kumwaga zege, kijana wa bodaboda anayepeleka abiria Bigwa, wote huinua macho kwenye kilele kile chenye minara ya redio na televisheni. Minara ikionekana mpaka ncha, kazi inaendelea. Ikimezwa na wingu saa nne asubuhi, mahindi yanaanuliwa.

Nimefundisha jiografia shule za sekondari sehemu kubwa ya maisha yangu. Katika somo letu milima ilikuwa na mahali pake: aina za milima, kisha faida za milima. Mvua, mito, madini, utalii, kilimo, makazi. Wanafunzi walinakili, wakakariri, wakafaulu. Orodha ile haina kosa lolote, ila haisemi faida hizo zinatoka mkononi mwa nani na zinaingia mkononi mwa nani. Mimi nimezaliwa Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Shamba ninalolima ni la ukoo wa mama yangu. Wanangu wanaishi Dar es Salaam, na maji wanayochemshia chai yanatoka kwenye milima hii. Kwa hiyo mto huu nauona kutoka juu na kutoka chini, na kila nikiuona nasema lile lile: mji mkubwa kuliko yote nchini unakunywa Uluguru, na watu wanaokaa kwenye chanzo hawajapewa haki yao.

Ili nieleweke, inabidi nianze na mwamba.

Milima haikuumbika kwa njia moja. Himalaya ilikunjamana pale bamba la ardhi lililobeba India lilipolisukuma lile la Asia, na msukumo huo haujaisha hadi leo. Kilimanjaro ulimwagika: uji wa moto ulitoka chini ya ardhi, ukapoa, ukarundikana tabaka juu ya tabaka mpaka mita 5,895, na kazi hiyo yote imefanyika katika muda usiofika miaka milioni tatu. Ol Doinyo Lengai, kule karibu na Ziwa Natron, bado ni volkano hai. Uluguru hauna kreta wala majivu. Ni kipande cha gamba la dunia kilichopasuka pembeni kikanyanyuka, huku ardhi ya jirani ikibaki chini, kama sakafu ya saruji inayoinuliwa na mzizi wa mwembe. Ndiyo maana mlima unasimama ghafla namna ile. Mji wa Morogoro uko kwenye mwinuko wa mita 500 hivi, Bondwa unapita mita 2,100, na kati yao hakuna vilima vya kukuandaa. Ukitoka Boma unaanza kupanda, na mapafu yanajua mara moja. Kusini zaidi, kule Kimhandu, mlima unapita mita 2,600.

Mwamba wenyewe ni wa kale sana kuliko mlima. Mawe ya Uluguru yalipikwa kwa joto na mgandamizo zaidi ya kilomita 20 chini ya ardhi, na zaidi ya miaka milioni 600 imepita tangu wakati huo. Kilichokuwa juu yao kililika chote kwa mvua na upepo, na mipasuko ikayasukuma mpaka yakaliona jua. Mtoto wa mlimani anaukuta ushahidi huo njiani baada ya mvua: udongo unametameta kwa vipande vya ulanga, vyembamba kama karatasi, vinavyong'oka tabaka tabaka. Wakoloni, Wajerumani kisha Waingereza, waliuchimba ulanga huo na kuusafirisha. Upande wa Matombo watu wanatafuta rubi mpaka leo.

Uluguru ni mmoja katika safu inayoitwa Milima ya Tao la Mashariki. Safu hiyo inaanzia Taita nchini Kenya, inapita Upare na Usambara, inashuka Nguu, Nguru, Ukaguru na Rubeho, inafika kwetu, kisha inaendelea Udzungwa mpaka Mahenge. Yote ni milima ya mwamba wa kale ulioinuliwa, na yote inatazama Bahari ya Hindi. Kutazama bahari ndiko kulikoifanya iwe kama ilivyo.

Upepo unaotoka baharini, uwe kusi au kaskazi, unakuja umebeba mvuke. Unavuka Pwani na nyika za Ngerengere bila kupata kizuizi cha maana, halafu unakutana na ukuta huu. Hauna pa kupita ila juu. Hewa ikipanda hupoa, takribani nyuzi sita kwa kila mita elfu moja, na hewa iliyopoa haiwezi kushika mvuke wote iliokuwa nao. Mvuke unageuka matone, matone yanakuwa ukungu na mvua. Kwa hiyo miteremko ya mashariki, ya Kinole, Tawa na Kibungo, hupata mvua inayopita milimita 2,500 kwa mwaka katika sehemu nyingi, na hata katika miezi ambayo kalenda inasema ni kiangazi, huko kunanyesha. Mjini Morogoro, chini tu ya mlima huo huo, haifiki milimita 1,000. Kwetu Mgeta tuko mgongoni mwa mlima, tunapata kiasi. Ukiendelea magharibi, ukapita Mlali na Melela, hewa imekwisha kukamuliwa. Unaona miiba na mibuyu.

Hapo nataka kukaa kidogo, kwa sababu wengi hudhani mwamba ukishakuwa mrefu basi maji yatakuja yenyewe. Mwamba unaleta mvua. Mto ni kazi ya msitu.

Mvua ya masika ikipiga mteremko mtupu, inakimbia. Saa mbili baadaye iko bondeni, imebeba udongo, na kesho yake korongo ni kavu. Kwenye msitu wa Uluguru inapokelewa tofauti. Kwanza na majani, kisha na kigoga, ile mimea laini ya kijani inayofunika magome na matawi mpaka mti hauonekani rangi yake, pamoja na kangaga na okidi zinazoishi juu ya matawi hayo. Mtaalamu wa mimea kutoka Hungaria, Tamás Pócs, aliipima mimea hii katika misitu ya Uluguru na kuchapisha matokeo mwaka 1980. Katika msitu mfupi wa vileleni, ule unaokaa ndani ya wingu, alikuta hekta moja imebeba karibu tani 14 za mimea ya juu ya miti, ikipimwa ikiwa mikavu, na kwamba mvua moja ikinyesha mimea hiyo inaweza kushika lita zipatazo 50,000 kwenye hekta hiyo moja. Maji hayo hayajagusa ardhi bado. Yatadondoka polepole, yatazama kwenye tabaka nene la majani yaliyooza, yatapenya kwenye nyufa za mwamba, na yatatokea kwenye chemchemi wiki na miezi baadaye. Mto unaotiririka Septemba unatiririsha mvua ya Aprili.

Isitoshe, msitu huo hauingoji mvua. Wingu likipita katikati ya miti, matone madogo yanashikwa na majani na kigoga na kudondoka chini. Yeyote aliyewahi kulala juu kule anajua: unasikia matone usiku kucha, unatoka nje asubuhi ukidhani imenyesha, kumbe mbingu ilikuwa nyeupe tu.

Hata Kilimanjaro, ambao dunia nzima inaulilia kwa barafu yake, mito yake inategemea zaidi msitu wa kiunoni kuliko ile theluji ya kichwani. Barafu ya Kibo ikiisha tutahuzunika, na ni haki kuhuzunika. Msitu wa Kilimanjaro ukiisha, Moshi watakosa maji.

Msitu wa Tao la Mashariki ni mkongwe pia. Kwa kuwa bahari haikuacha kuupelekea unyevu, uliendelea kusimama mamilioni ya miaka, hata katika vipindi ambavyo Afrika ilikauka na misitu ya kati ya bara ikajikunyata. Viumbe vilivyobaki kwenye kila mlima vilitengwa na vya mlima jirani na nyika iliyo kati yao, vikawa na maumbile yao. Ndiyo sababu Uluguru una ndege mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na tumbo la manjano ambaye hayupo popote pengine duniani, na una chozi wake mwenyewe, chozi wa Loveridge. Wageni huja kutoka Ulaya wakiwa na darubini, wanapanda kwa siku kadhaa ili wawasikie tu. Natamani watoto wa shule za Morogoro nao wapelekwe wakawasikie. Mlima uko mlangoni kwao.

Sasa mto. Kuna jambo moja kuhusu mito ya Uluguru ambalo nilikuwa nawachorea wanafunzi ubaoni na kila mara walishangaa. Mto Mgeta unatoka upande wa magharibi, unakwenda kama unaoelekea bara, halafu unageuka kusini na kuuzunguka mlima mpaka mashariki. Ngerengere unakusanya maji ya upande wa mji, unapita bwawa la Mindu ambalo ndilo tegemeo la Morogoro, kisha unaelekea mashariki. Mfizigo na Mvuha inashuka kutoka kwenye miteremko ya mvua nyingi. Yote hatimaye inaungana na Ruvu. Tone lililoanguka Nyandira, kwetu Mgeta, na tone lililoanguka Kinole, ingawa yameupa mlima migongo, yanakutana mto mmoja kabla ya kufika baharini karibu na Bagamoyo.

Na kabla halijafika baharini, tone hilo linakutana na mitambo miwili. Ruvu Juu, kule Mlandizi, ulianza mwaka 1959. Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ulianza mwaka 1976. Yote miwili imepanuliwa, na kwa pamoja ina uwezo wa kuzalisha zaidi ya lita milioni 460 kwa siku. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 mkoani Dar es Salaam. Wako wenye visima, wako wa Kigamboni wanaotumia maji ya chini ya ardhi, lakini sehemu kubwa ya maji ya bomba jijini ni Ruvu, na Ruvu ni Uluguru.

Oktoba 2022 mvua za vuli zilipokawia, kina cha Ruvu kilishuka mpaka ukatangazwa mgao wa maji jijini. Wanangu walinipigia simu wakilalamika ndoo. Niliwauliza, "Mnajua mto huo unatokea wapi?" Mkubwa akajibu, "Mama, si Ruvu?" Amezaliwa na mwalimu wa jiografia kutoka Mgeta, na bado kwake mto unaanzia Mlandizi kwenye pampu. Simlaumu. Jiji zima linafikiri hivyo.

Wazaramo wa zamani hawakufikiri hivyo. Kwenye miteremko ya mashariki ya Uluguru kuna pango la Kolelo, mahali pa ibada pa kale, na kwa vizazi vingi Wazaramo wa nyanda za pwani, wenyeji wa ardhi ambayo leo ni Dar es Salaam na viunga vyake, walituma wajumbe kupanda mlima kwenda kuomba mvua. Walipita njia ya siku nyingi kwa miguu wakiwa wamebeba zawadi. Sifa ya Kolelo ilikuwa kubwa kiasi kwamba wakati wa Vita vya Maji Maji mwaka 1905 jina lake lilikuwa midomoni mwa watu wa Uzaramo. Mimi ni Mkristo, sizungumzii hapa habari ya kuamini au kutoamini pango. Nazungumzia ujuzi. Watu wale, bila ramani, walijua maji yao yanatoka kwa nani, na hawakupanda mikono mitupu.

Wenyeji wenyewe, Waluguru, ni watu wa upande wa mama. Ardhi ni ya ukoo, inashuka kupitia kwa wanawake, na mjomba ndiye mwenye neno. Nilipokuwa msichana nilimwuliza mjomba wangu kwa nini hatulimi kile kilima chenye miti mikubwa juu ya nyumba, wakati shamba letu lilikuwa limechoka na maharage yanatoka membamba. Akasema, "Pale wamelala wazee wetu, mpwa wangu. Na maji haya unayoteka unafikiri yanatoka wapi?" Alisema yote mawili kwa pumzi moja, makaburi na chemchemi, na kwake hayakuwa mambo mawili. Kila ukoo ulikuwa na msitu wake wa namna hiyo. Mingi imebaki vichaka vidogo, lakini ukiona kichaka cheusi cha miti mirefu katikati ya mashamba ya mahindi, usidhani kimesahauliwa. Kimeachwa makusudi.

Serikali zilikuja na njia nyingine. Wajerumani walianza kuweka mipaka ya misitu ya hifadhi mwanzoni mwa karne ya 20, na hilo, pamoja na uchungu wake kwa waliokatazwa kuingia, ndilo lililouacha msitu wa juu umesimama. Tangu mwaka 2008 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, hekta zaidi ya 24,000. Waingereza nao waliangalia mashamba yaliyo chini ya msitu, wakaona mmomonyoko, na mwaka 1950 wakaanzisha mpango wa kuwalazimisha watu kuchimba ngazi za kulimia kwenye miteremko. Kila kaya ilipangiwa kazi. Asiyechimba alitozwa faini au kufungwa.

Bibi yangu alichimba ngazi hizo. Alizisimulia mpaka uzeeni kwa hasira iliyokuwa haijapoa. Tatizo lilikuwa kwenye udongo. Katika sehemu nyingi za Uluguru, udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu. Ukichimba ngazi unaufukia huo na kuuleta juu udongo mwekundu usio na kitu, na mahindi unayopanda yanakuwa ya njano. Upande wa mashariki, kwenye mvua nyingi, ngazi bapa zilishika maji mpaka mteremko ukalegea na kuteleza. Wanawake waliliona hilo msimu wa kwanza. Wakasema, hawakusikilizwa. Julai 1955, kule Matombo, watu walikusanyika kwa maelfu kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Mwaka mmoja kabla, TANU ilikuwa imeanzishwa, na hasira za mlimani ziliipatia wanachama wengi. Kulazimisha ngazi kukakoma.

Walioandika habari hiyo mara nyingi wanamalizia hapo: Waluguru walikataa ngazi. Si kweli yote. Njoo Mgeta leo, simama Nyandira siku ya gulio, tazama bonde. Utaona ngazi kila mahali, zimechongwa vizuri, mifereji ya maji imepitishwa ukingoni, kabichi na karoti na njegere zimepandwa juu yake. Hakuna bwana shamba mwenye kiboko aliyesimama pale. Mboga za baridi zinaota kwetu kwa sababu tuko juu na hewa ni ya nyuzi saba au nane chini ya ile ya mjini, soko la Dar es Salaam linazitaka mwaka mzima, na bustani ya mboga inayomwagiliwa inalipa jasho la kuchonga ngazi na kuitia samadi ya mbuzi. Ngazi zile zile. Kilichobadilika ni kwamba mlimaji anapata kitu.

Mwenye shaka kuhusu nguvu ya miti akumbuke Februari 1970. Tarehe 23 mwezi huo, mvua ya milimita 100 na ushei ilinyesha Mgeta ndani ya saa tatu. Mlima ukaporomoka. Wataalamu wawili, Paul Temple na Anders Rapp, walikuja kuhesabu makovu, wakapata maporomoko zaidi ya elfu moja. Karibu yote yalikuwa kwenye mashamba, na kwenye nyasi na mashamba yaliyopumzishwa. Yaliyotokea ndani ya miti hayakufika moja katika mia. Mvua ilikuwa moja, mteremko ni ule ule. Mizizi ndiyo iliyofanya tofauti. Watu wa rika langu wanakumbuka ngurumo ya siku ile, kwamba haikutoka juu, ilitoka chini ya miguu. Udongo ulioporomoka siku hiyo haukubaki Mgeta. Uliingia mtoni, ukaenda kwa watu wa chini.

Hapo ndipo mambo ya juu na ya chini yanapofungamana, na ndipo ninapokosa subira na mipango yetu. Sasa hivi bwawa kubwa linajengwa Kidunda, kwenye mto Ruvu, lenye uwezo wa kushika lita bilioni 190, ili mgao wa 2022 usijirudie. Ni kazi njema na ilichelewa. Lakini bwawa halizalishi maji, linayatunza. Na linapokea kila kinachoshuka, maji na mchanga. Bwawa la Mindu la Morogoro limepoteza sehemu ya ujazo wake kwa tope kutoka kwenye miteremko inayolizunguka, na hilo halijafikisha hata nusu karne. Fedha za zege zinapatikana. Fedha za mteremko, je?

Ziliwahi kupatikana, kidogo. Katika muongo wa kwanza wa karne hii mashirika ya CARE na WWF yalianzisha mpango huko Kibungo Juu, kwenye vyanzo vya Mfizigo. Wakulima walikubali kuchonga ngazi, kupanda miti na nyasi za kuzuia udongo, kuacha kulima kandokando ya maji; na wanunuzi wa maji huku chini, shirika la maji la Dar es Salaam na kiwanda cha Coca-Cola, walichangia malipo. Malipo yalikuwa madogo na mpango ulikuwa wa muda. Ila kwa mara ya kwanza tangu wajumbe wa Kolelo, mtu wa chini alipanda mlimani akiwa na kitu mkononi. Mimi naona huo ndio mwanzo unaopaswa kurudiwa kwa ukubwa wake halisi: sehemu ndogo ya kila ankara ya maji jijini iende kwenye kata za vyanzo, iandikwe waziwazi kwenye ankara ili mlipaji aisome, na isimamiwe na vijiji vyenyewe pamoja na wale wanawake ambao ardhi ni yao kwa ukoo. Tanga wangeweza kufanya hivyo kwa Usambara Mashariki, unakotoka mto Zigi unaowanywesha. Nairobi nao wanakunywa milima ya Aberdare kupitia bwawa la Ndakaini. Wanalo swali hilo hilo.

Sidai kwamba watu wa mlimani hawana lao la kujibu. Tunachoma. Kila Septemba na Oktoba, ukiwa mjini usiku, unaona mistari ya moto ikipanda mteremko. Mtu anasafisha shamba, upepo unachukua, msitu unaungua. Wengine wanakata miti ya hifadhi kwa mbao na mkaa. Misitu ya chini, ile ya miinuko midogo, imekwisha karibu yote, na haikulimwa na watu wa Dar es Salaam. Faini zipo na ziendelee kuwapo. Lakini faini peke yake tumeijaribu tangu 1950.

Mwaka jana nilikuwa Nyandira kwa binti wa mdogo wangu. Ana bustani mbili za ngazi karibu na mfereji, na juu yake ana kipande cha mteremko mkali anacholima maharage kila masika, mahali ambapo kwa elimu yangu yote najua hapafai jembe. Nikamwuliza: ukilipwa uache pale pote miti, utakubali?

Alikuwa anafunga tenga la kabichi, hakuacha kufunga. "Wanilipe kiasi gani, mama mkubwa? Maharage yale gunia moja na nusu, mwaka mzuri mawili."

Nikamwambia sijui, labda thamani ya hayo magunia.

"Basi wasinilipe hela," akasema. "Hela itakwisha. Waitengeneze barabara ipitike masika. Mwaka huu nimetupa kabichi matenga kwa matenga, gari halikupanda siku tisa, na zilizofika Mlali zilikuwa zimeoza. Hizi ngazi mbili zikiniuzia mazao yote, pale juu nitapanda miparachichi na majani ya mbuzi, sina haja ya kupapanda na jembe mgongoni. Na wewe waambie hao wa Dar kwamba miche ninayo, nimeshaiotesha."

Akanionyesha. Ilikuwa nyuma ya jiko, kwenye mifuko ya nailoni iliyokatwa, mistari minne, imefika urefu wa goti.